Mistari Sita Kila Asubuhi

Mwaka ule wa ukame nilimchapa mtoto wangu kwa sababu ya maji. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo lililotangulia, na kwa kuwa watu wote nitakaowalaumu hapa wana haki ya kujua kwamba mimi nilikuwa wa kwanza.

Tulikaa Kanyangi, kwenye boma la mama mkwe wangu. Mume wangu alifanya kazi katika kambi ya watengeneza barabara kule Makindu, na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mimi nilifundisha shule ya msingi ya jirani. Maji tuliyafuata mtoni kwa punda, tukachimba mchanga na kusubiri yajikusanye shimoni, na kila boma lilikuwa na sheria yake ya kuyagawa. Ya kwetu niliiandika mimi kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni: mkebe mmoja asubuhi, mmoja mchana, mmoja jioni kwa kila mtu, mbuzi kwanza, nguo Jumamosi. Niliipenda sheria ile. Ilikuwa safi, na kila mtu aliishika.

Kisha mtoto wangu wa mwisho, msichana wa miaka mitano, akaanza kuiba. Aliiba mtungini. Tulipouinua mtungi juu ya meza akaenda kunywa na mbuzi. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba akinyonya kitambaa cha kufutia vyombo.

"Punda anakunywa mara moja kwa siku," mama mkwe alisema. "Huyu amemshinda punda. Na mchana anaiba, usiku anamwaga yote kitandani. Ni wako huyu, mwalimu. Si wa ukoo wetu."

Nilimchapa kwa fimbo ileile niliyotumia darasani, mara tatu, kwenye miguu. Alilia bila machozi. Nilidhani ni kiburi. Nilipomaliza, akaniomba maji.

Nina tabia ya kuandika mambo kwenye daftari dogo, tangu nikiwa chuo cha ualimu. Juma lile niliandika kwamba mkeka wake ulioanikwa nje ulijaa sisimizi mahali palipokuwa na mkojo, na mkeka wa dada yake haukuwa na hata mmoja. Niliandika pia kwamba gauni la Jumapili lilimlegea mabegani. Niliyaandika hayo na kufunga daftari. Sikujua nimeandika nini.

Hospitali ya serikali walisema ni malaria na minyoo, wakamchoma kwinini. Siku ya tatu alianza kupumua kama mtu aliyekimbia, huku amelala, na pumzi yake ilinuka mapera yaliyoiva kupita kiasi. Nilimpakia kwenye lori la mfanyabiashara wa mbuzi, tukavuka mto Athi hadi hospitali ya misheni upande wa Makueni. Daktari wa pale alikuwa mwanamke mzee wa kigeni aliyesema Kiswahili cha Biblia. Aliupima mkojo, akasema ni ugonjwa wa sukari. Akamfinya mtoto ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama karatasi iliyokunjwa.

"Mtoto huyu alikuwa na kiu," alisema. "Hamkumpa maji?"

Nilimvuta mtoto gauni likafunika miguu niliyoichapa.

Tulikaa pale majuma mawili. Nilifundishwa kuchemsha sindano ya kioo, kuvuta insulini bila povu, kudunga paja la kushoto leo na la kulia kesho. Nilifundishwa kupima mkojo: kijiko cha dawa ya buluu kwenye neli ya kioo, matone manane ya mkojo, chemsha. Ikibaki buluu hakuna sukari. Kijani kidogo si vibaya. Ikienda manjano, kisha rangi ya tofali, mtoto yuko hatarini. Kipimo chake kilikuwa mistari sita ya sindano kila asubuhi. Daktari yule alinisomesha kanuni zake mpaka nikazikariri. Adungwe hata akiugua, hasa akiugua. Ale kwa saa, asipitishe. Na akianza kutokwa jasho na kusema ovyo, ujue sindano imeishusha sukari yake mno; apewe sukari upesi, pasipo kungoja.

"Usipomdunga siku tatu, utamzika," alisema. "Ukimdunga asipokula, utamzika. Umesikia?"

Nilisikia.

Dawa ya misheni ilitosha mwezi mmoja. Baada ya hapo walinipa barua niipeleke hospitali ya serikali, ili nichukue huko. Daktari wa serikali alikuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi ikasimama. Alisoma barua ile akicheka puani.

"Nani amekuambia mtoto wa miaka mitano anadungwa kila siku?"

"Daktari wa misheni. Ameandika hapo."

"Naona ameandika. Kusoma najua, mama." Akaiweka barua chini ya kikombe chake cha chai. "Sasa nisikilize. Asipokula, usimdunge. Akiugua, usimdunge. Uji hapana, muthokoi hapana, ugali hapana. Sukari asionje hata punje. Baada ya miezi mitatu tutamweka kwenye vidonge."

Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Mwaka ule ndicho kilichokuwemo vyunguni mwetu, na si kila siku.

"Atakula nini, daktari?"

"Nyama. Mboga. Mayai."

"Niandikie hayo."

"Niandike nini?"

"Hayo yote. Asipokula asidungwe, akiugua asidungwe. Niwe nayo kwa karatasi."

Aliitazama kalamu niliyomnyooshea. "Wewe ni mwalimu, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi kasahihishe madaftari ya watoto. La kwangu liache."

Hata hivyo alinipa chupa ya insulini, nami nikavuka tena Athi kumwambia daktari wa misheni. Nilitaka anisaidie kupatanisha mambo mawili. Alinisikiliza amesimama, mikono mfukoni. Akasema yule kijana anataka kumzika mtoto wangu, na kwamba nikimfuata nisirudi kwake tena, kwani ana wagonjwa wanaosikia. Kwa hiyo nilikuwa na madaktari wawili, kila mmoja akinifukuza kwa sababu ya mwenzake, na insulini ilikuwa kwa yule nisiyemwamini sana. Nilichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Kushoto niliandika aliyosema wa misheni, kulia aliyosema wa serikali, na chini yake, kila siku, rangi ya mkojo. Niliamua kuufuata mkojo. Rangi ile haikuwa na mdomo wa kunitukana.

Nyumbani vita vilikuwa vya aina nyingine. Insulini inaharibika kwa joto, na hatukuwa na friji. Nilizika chupa ndani ya chungu kidogo chenye mchanga, nikaunyunyizia maji kila asubuhi.

"Watu wanakosa ya kunawa uso," mama mkwe aliwaambia majirani, "na huyu ananywesha mchanga."

Mwezi wa pili rangi ya mkojo ilipanda hadi tofali kwa siku nne mfululizo. Nilipima chakula upya. Nilichunguza chupa. Siku ya tano nilirudi kutoka shuleni mapema, nikamkuta mtoto amekaa mapajani mwa bibi yake akilamba kijiko cha asali. Mkebe ulikuwa umeshafika nusu.

"Mwaitu, unafanya nini?" Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima, na siku ile heshima iliishia kwenye neno.

"Ninamtibu. Wewe umeshindwa."

"Hii ni sukari!"

"Sukari inatoka kiwandani. Hii inatoka mzingani. Nyuki wana kiwanda gani?" Hakuficha kijiko. "Watoto wote wa boma hili nimewatibu kifua kwa asali. Hata huyo mume wako. Wewe unamtoboa mtoto wa watu kila asubuhi kama gunia, halafu unaniuliza ninafanya nini."

Nilimnyang'anya mkebe nikaumwaga majivuni. Kwetu kumwaga asali mbele ya mkwe ni jambo ambalo watu hawalisahau, na hawakulisahau. Juma zima alisimulia njiani, kanisani na shimoni mtoni.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la pili, na lilikuwa kosa la mtu anayependa utaratibu. Nilikwenda kwenye ofisi ya walimu nikasimama mbele ya wote. Mtoto alikuwa darasa la chekechea pale pale shuleni, na walimu walikuwa na desturi ya kumpa peremende. Niliwaambia: mtoto huyu asipewe kitu chochote kitamu, hata kidogo, kitamuua. Nilirudia mara mbili. La jasho na kusema ovyo sikuwaambia. Niliona sheria moja itashikika, na mbili zitawachanganya. Nilisahau kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimechanganywa na mbili, na bado nilihitaji zote.

Kila nilikokwenda nilibeba sukari kidogo ndani ya karatasi iliyokunjwa, kwenye mkoba wangu. Sukari ilikuwa adimu miezi ile. Madukani uliuziwa robo kilo ukinunua na sabuni usiyoihitaji.

Insulini ilipoisha nilirudi hospitali ya serikali. Yule kijana alinipa chupa mwenyewe. Kifuniko kilikuwa cha rangi nyingine, nikamuuliza.

"Dawa ni ileile."

"Na kipimo?"

"Mistari ileile. Mama, foleni inakungoja wewe peke yako?"

Asubuhi iliyofuata nilivuta mistari sita. Alikula uji wake wote, tukaenda shuleni tumeshikana mikono. Saa tano kasorobo msichana mmoja wa darasa la sita alikuja mbio dirishani kwangu: "Mwalimu, mtoto wako anawatukana watu."

Nilimkuta chini ya ukuta wa chekechea. Gauni lilikuwa limelowa jasho kana kwamba ametolewa mtoni. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Alisema maneno yasiyo na mpangilio, akampiga teke mwalimu wake, kisha mikono ikaanza kurukaruka.

"Hilo ni pepo," mwalimu wake alisema, akarudi nyuma.

Nilifungua mkoba. Karatasi ya sukari haikuwamo. Nilikuja kujua jioni kwamba mama mkwe aliikoroga kwenye chai ya wageni wa kanisa. Nilimbeba mtoto hadi ofisini. Sukari ya chai ya walimu ilikaa kwenye kabati, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwalimu mkuu.

"Fungua kabati," nilimwambia. "Nipe sukari."

"Sukari ya nini?"

"Ya kumpa huyu. Upesi!"

Alisimama mbele ya kabati, mwanamume mnene, mpole kwa kawaida. "Mwalimu, tulia. Wewe mwenyewe ulisimama hapa ukasema kitamu kitamuua. Sote tulikusikia."

"Nilisema, lakini sasa ni tofauti. Sukari yake imeshuka."

"Jana inapanda, leo inashuka?" Aliwatazama wenzake. "Umechoka. Huyu mama amechoka. Mshikeni."

Wakanishika. Nataka jambo hili lieleweke: hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakifuata neno langu. Mwalimu wa chekechea alinishika mkono wa kulia, mwenzake wa kushoto, na mtoto alilazwa mezani juu ya madaftari, akipigapiga visigino. Mwalimu mkuu alianza kuomba kwa sauti. Nilimwuma yule wa kulia kwenye kifundo cha mkono. Aliponiachia niliinama nikachukua jiwe lililozuia mlango, nikapiga kufuli. Pigo la pili lilimpita mwalimu mkuu karibu na sikio, akahama. Pigo la tatu lilivunja.

Nililowesha sukari kwa mate yangu mwenyewe, kwa kuwa sikuona maji karibu, nikaisukuma kati ya shavu na ufizi wake. Meno yalikuwa yamekaza. Alining'ata kidole na sikukitoa. Nilipaka, nikangoja, nikapaka tena. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu na niliitazama: dakika kumi na mbili. Mikono ilitulia kwanza. Kisha akaguna, akatema.

"Nani amenitia mchanga mdomoni?" aliuliza.

Mwalimu wa chekechea alianza kulia. Mwalimu mkuu alikuwa akiokota vipande vya kufuli.

"Utaandika barua kueleza hili kabati," aliniambia. "Ni mali ya serikali."

Jioni ile nilizitoa chupa mbili, kuukuu na mpya, nikaziweka kando kwa kando kwenye mwanga wa taa. Ya zamani iliandikwa arobaini. Mpya iliandikwa themanini. Dawa ilikuwa kali mara mbili, na mstari mmoja wa leo ulikuwa miwili ya jana. Mistari sita niliyomdunga ilikuwa sawa na kumi na miwili ya zamani. Siku ya pili nilizipeleka kwa yule kijana, na daftari langu.

"Sasa kosa ni la nani?" alisema. "Si imeandikwa kwenye chupa? Wewe si mwalimu? Husomi?"

"Ulisema mistari ileile."

"Nilisema? Nani alisikia?" Kisha, akiandika jina la mgonjwa mwingine: "Ndiyo maana nilikuambia achana na sindano. Vidonge havina hesabu."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshawapelekea habari nyumbani, na Jumapili baada ya kanisa kukawa na kikao cha ukoo. Mume wangu aliitwa kutoka Makindu. Kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Katika vikao vyote vya boma lile mimi ndiye niliyekuwa mwandishi, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na hakuna aliyefikiri kubadilisha hata siku hiyo. Nilikaa mwisho wa benchi na kalamu, nikaandika kumbukumbu za kesi yangu.

Shemeji alisema mambo kwa mpangilio, hilo nampa. Kwamba daktari wa serikali amesema vidonge. Kwamba mama wa mtoto amemwaga asali, amevunja kabati, amemwuma mwalimu. Kwamba mtoto alikaribia kufa, na aliyemdunga asubuhi ile ni mamake. Kwa hiyo sindano ziishe, na mtoto alale kwa bibi yake.

"Mnasemaje?" aliuliza.

"Hivyo hivyo," alisema mama mkwe.

Wote walimgeukia mume wangu. Alikuwa bado na vumbi la Makindu kwenye viatu. Aliniuliza mimi, si wao: "Akiwekwa kwenye vidonge itakuwaje?"

"Siku tatu," nilisema. "Labda nne. Ulimwona akipumua lile lori lilipokuwa linamchukua? Hukumwona. Hukuwepo."

"Usinifokee mbele ya watu."

"Nimekujibu."

Nilisubiri aseme neno moja la kunisaidia, hata lisilo na nguvu. Alisema tu: "Basi itabidi mmoja abebe mzigo huu. Akifa, ijulikane ni mikononi mwa nani."

"Asi!" mama mkwe alishangilia kwa lugha ya kwetu, akapiga makofi. "Hapo umesema. Aandike. Si anapenda kuandika? Aandike kwamba akifa ni yeye aliyemuua, na aweke sahihi."

Shemeji alilifikiria, akalipenda. Nadhani wote walilipenda, kwani liliwatoa. Karatasi ingekuwa mikononi mwa naibu chifu, mtu wa serikali wa eneo letu, na kaburi lingekuwa langu peke yangu. Niligeuza ukurasa nikaandika polepole, kwa herufi za ubaoni, kisha nikasimama nikawasomea:

"Mimi, mama wa mtoto huyu, nitamdunga kila asubuhi. Akifa, ni mimi. Na kwa sababu ni mimi, hakuna mwingine wa boma hili atakayempa chakula, kinywaji, dawa au asali bila ruhusa yangu, wala kumzuia kupewa chochote nitakachosema apewe. Atakayefanya hivyo, mtoto akifa, ni yeye."

"Hayo ya mwisho hatukusema," shemeji alisema.

"Ya kwanza ndiyo mliyosema. Haya ya mwisho ni yangu. Yote mawili au hakuna."

"Unatufunga."

"Ndiyo."

Mama mkwe alinitazama kwa chuki isiyo na haya, na nilimrudishia yote. "Weka," alimwambia mwanawe mkubwa. "Weka kidole. Siku ya kulia tutajua wa kumpiga."

Nilitia sahihi kwanza. Nikavunja kalamu ya wino nikapaka kidole gumba cha kila mmoja, kuanzia shemeji. Mama mkwe alikibonyeza chake kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka kidogo. Mume wangu alijua kuandika; aliandika jina lake bila kuniangalia. Nilipuliza wino ukauke, nikaikunja karatasi mara nne.

Ilikuwa saa kumi kamili, saa ya mtoto kula. Nilimwita kutoka kwa watoto wenzake nikampeleka jikoni, nikampimia muthokoi vijiko vinane, nikakaa mlangoni mpaka alipomaliza. Hakuna aliyeingia.